Waya, Plagi na Mkataba



Askari hahitaji kuelezwa maana ya kiwango. Risasi ya nchi za NATO na ile ya Kirusi ya AK-47 zote huitwa za milimita 7.62, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili 39, na moja haliingii mahali pa jingine. Mambo ya namna hiyo yamo pia katika nyaya za sauti na picha, na gharama zake zimefika hadi sekta ya Gashonga, wilayani Rusizi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu.

Tangu zama za santuri, plagi ndogo ya duara ya kampuni ya RCA ya Marekani ilitosha. Baadaye zikawa tatu: ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Waya ukichakaa, picha ilichafuka, lakini bado ilionekana.

Mwaka 1982 Sony na Philips walileta santuri ya dijitali, ambayo sauti yake hupimwa mara 44,100 kila sekunde na kuandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo zilihitaji njia ya kupita. Mwaka 1985 wahandisi wa sauti, pamoja na Shirika la Utangazaji la Ulaya, walikubaliana juu ya waya wa studio wenye plagi ya pini 3, ile ile ya maikrofoni. Mwaka 1989 ukafuata mkataba wa picha za studio, nao ukatumia waya wa mviringo uliokwisha kutandazwa kutani. Wahandisi hao walitenda kama mzazi mwenye watoto wengi: nguo ya kaka humfaa mdogo wake.

Majumbani haikuwa hivyo. Mwezi Desemba 2002 kampuni 7, miongoni mwao Hitachi, Toshiba, Sony na Philips, zilitoa HDMI, plagi yenye pini 19 inayobeba sauti na picha pamoja. Ni chombo kizuri, hapana ubishi. Lakini kila mtengenezaji hulipa ada ili akitumie, na ndani yake huweza kuwekwa kufuli lililobuniwa na Intel: chombo kisichokuwa na ufunguo hunyimwa picha. Tena, waya wa mwaka 2002 ulitakiwa kubeba gigabiti 4.95 kwa sekunde. Wa mwaka 2017 hubeba 48. Plagi ni ile ile kwa umbo! Mnunuzi dukani hana jicho la kuzitofautisha, kama kuruta aliyesoma 7.62 tu akasahau urefu wa ganda.

Nchi zetu hazikuketi katika kikao cha kampuni hizo. Ziliketi Geneva mwaka 2006, pale nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilipokubaliana kuhusu utangazaji wa dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa ukomo wa kuyalinda mawimbi ya zamani. Rwanda ilizima mitambo yake ya zamani mwaka 2014. Mwenye televisheni kuukuu pale Gashonga, aliyetaka kuendelea kutazama matangazo hayo, ilimpasa anunue king'amuzi. Kilichomnusuru asiitupe televisheni yenyewe ni matundu matatu ya rangi, yaliyoachwa nyuma ya ving'amuzi vingi kando ya tundu la HDMI. Aliyeamua yasiondolewe alimfikiria mtu wa kipato kidogo, na kwa maoni yetu alifanya kazi kubwa kuliko waliozidisha gigabiti.

Umoja wa Ulaya haukungoja hisani ya namna hiyo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 sheria yake inataka simu mpya zinazochajiwa kwa waya ziwe na tundu moja la USB-C, tundu linaloweza kupitisha hata picha. Apple, iliyokuwa na plagi yake ya pekee tangu 2012, ilianza kuiacha katika simu zake mwaka 2023, kabla sheria haijaanza kutumika.