Ua Uliojengwa Baadaye

Wengi huamini kwamba programu zilizofungwa, zenye msimbo uliofichwa, ndizo za asili, na programu huria ni uasi wa juzi. Historia inasema kinyume. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni iliuza kompyuta, na programu ilikwenda nayo kama mpini na jembe. Wateja wa kampuni ya IBM walioanzisha chama cha SHARE mwaka 1955 walipeana programu walizoandika wenyewe. Mwaka 1969, miezi michache baada ya serikali ya Marekani kuishitaki kwa ukiritimba, IBM ilitangaza kuuza programu kwa bei yake peke yake. Ua ukaanza kujengwa. Hata Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwaka huohuo, ilienea vyuoni pamoja na msimbo wake kwa kuwa AT&T, kampuni mama ya Bell Labs, ilizuiwa na makubaliano yake na serikali ya mwaka 1956 kufanya biashara nje ya simu. Kizuizi kilipoondoka mwaka 1984, masharti yakakazwa.

Maana ya ua huo ilionekana kwenye printa moja ya chuo cha MIT. Mtaalamu wa programu wa huko, Richard Stallman, aliwahi kurekebisha programu ya printa ya zamani ili karatasi ikikwama, waliokuwa wakisubiri wapate ujumbe. Printa mpya ya Xerox ililetwa bila msimbo. Mtu alikwenda kuchukua kazi yake akakuta karatasi imekwama, na wataalamu waliojua dawa hawakuwa na pa kuitia. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, na mwaka 1991 Linus Torvalds wa Helsinki akatoa kiini cha Linux.

Bill Gates wa Microsoft aliuliza mwaka 1976: nani anaweza kumudu kufanya kazi ya kitaalamu bure? Swali ni la haki, kwani mwandishi wa programu naye ana familia ya kulisha. Ila huria si bure: wengi wanaoandika Linux leo hulipwa mishahara na makampuni, Microsoft ikiwamo. Wala ua haupiti kati ya mfumo na mfumo. macOS imefungwa juu ya msingi ulio wazi, na Android imesimama juu ya Linux. Ua hupita pale watu wanapoamua upite.

Pale usipopita, watu hujitengenezea wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilileta Kiswahili, lakini kwa wakati iliouchagua yenyewe. Wafasiri wa Dar es Salaam hawakusubiri uamuzi wa mtu: msimbo ulikuwa mikononi mwao.