Chubaba: Mashavu Yaliyobadili Sheria ya Krimu

Wazee wa vitongoji vya Johannesburg wanalijua neno chubaba. Ni mabaka meusi yenye usamawati kwa mbali, yanayokaa mashavuni na kuzunguka macho kama kivuli kisichohama. Ukipitisha kidole unahisi vijipele vidogo, vigumu. Madaktari wanayaita okronosisi, na wengi waliopatwa nayo waliishi miaka mingi bila kujua imetoka wapi.

Ilitoka kwenye krimu.

Kuanzia miaka ya 1960 krimu zenye haidrokwinoni, kemikali inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, zilienea Afrika Kusini. Mojawapo ya kampuni kubwa ilikuwa Twins, ya ndugu wawili pacha wa Johannesburg, Abraham na Solomon Krok. Bidhaa kama Super Rose zilinunuliwa kama sabuni, bila cheti cha daktari. Matangazo ya krimu za kung'arisha yalijaa katika magazeti kama Drum, lililohaririwa Johannesburg na kusomwa hadi Afrika Mashariki. Wakati huo sheria za ubaguzi ziliangalia rangi ya mtu kabla ya kumpangia pa kuishi na kazi ya kufanya, hivyo ahadi ya weupe kidogo haikuwa ya urembo peke yake. Mei 1976, akitoa ushahidi mahakamani Pretoria, mwanaharakati Steve Biko alizitaja krimu hizo kuwa dalili ya watu weusi kufundishwa kujikataa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, George Findlay, daktari wa ngozi wa Pretoria, na wenzake walikuwa wamechapisha ripoti iliyohusisha okronosisi na krimu za haidrokwinoni. Mtego wa krimu hizo ulikuwa wa kikatili. Mwanamke aliyeona shavu linaanza kuwa jeusi alidhani hajapaka vya kutosha. Akaongeza krimu, akatoka juani, na weusi ukazidi. Ukishakomaa, kuuondoa ni kazi ngumu mno.

Katika miaka ya 1980 serikali iliweka kikomo cha asilimia 2 ya haidrokwinoni. Kikomo hicho hakikutosha. Madaktari, watetezi wa walaji na wanaharakati waliendelea kushinikiza, na kanuni za 1990 zikaiondoa kabisa haidrokwinoni kwenye vipodozi, zikakataza hata tangazo kudai kwamba kipodozi kinang'arisha ngozi. Hakuna nchi iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Kemikali yenyewe ikabaki mikononi mwa madaktari, kwa cheti tu.

Biashara haikufa, ilihamia vichochoroni. Siku hizi tishio jingine kubwa ni krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli. Hizi ni dawa halali na nzuri za ukurutu na soriasisi, lakini zinauzwa mitaani kwa ajili ya kujichubua, au zinachanganywa kwenye kile ambacho Watanzania wanakiita mkorogo. Zikipakwa usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, chunusi na michirizi inatokea, mishipa inaonekana. Ukurutu wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu mtumiaji anapoacha ghafla. Fangasi nayo hutulia kwa muda, kisha hutambaa. Haidrokwinoni nayo haikusahauliwa: mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka krimu zenye haidrokwinoni zipigwe marufuku katika ukanda mzima, karibu miaka 30 baada ya Afrika Kusini.

Madhara hayo ya steroidi kali yanaeleza kwa nini hutolewa kwa maelekezo marefu. Kipimo kinaanzia kidoleni: mkamuo mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mgonjwa anaambiwa apake sehemu iliyoathirika tu, kwa siku alizoandikiwa, asiisogeze karibu na macho, asimgawie jirani. Kisha anaulizwa maswali ambayo kaunta za enzi ya Super Rose hazikumuuliza mtu: inapakwa wapi, kwa ugonjwa gani, na imetumika tangu lini?