Mnara wa Taa wa Seyyid Barghash na Sehemu Yetu Watu wa Bara

Ifikapo tarehe 27 Agosti 2026 itakuwa imetimia miaka 130 tangu mizinga ya manowari za Kiingereza ilipoupiga mji wa Unguja na kuuharibu mnara wa taa uliosimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Na kwa kuwa jumba hilo lenyewe, lililonusurika siku ile ya mizinga, liliporomoka upande wake wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulikarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha yao, imenipasa kuandika habari za minara ya taa ya pwani ya Waswahili kwa ajili ya wasomaji wa Kolwezi, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, wala hawajapata kuambiwa kuwa nuru zile za pwani zilihusika tangu zamani, na zahusika hata leo, na jasho la watu wa mkoa wetu wa Lualaba.

Yeyote akaaye kando ya barabara kuu ya mji wetu huyaona malori yaliyosheheni shaba yakielekea Likasi na Lubumbashi, yakavuka mpaka wa Kasumbalesa, yakaikata nchi ya Zambia mpaka Tunduma, na mwisho yakashusha mzigo wake katika bandari ya Dar es Salaam. Huko, meli iliyopakia shaba hiyo hutoka kwa mlango mwembamba ulio kati ya miamba na mafungu ya mchanga, ikipita karibu na visiwa vya Makatumbe, mahali ambapo mnara wa taa humwonyesha nahodha njia ya salama usiku. Basi mchimbaji wa Kolwezi, ajue asijue, riziki yake hupita chini ya taa ile. Na kabla ya malori kulikuwa na vichwa vya wapagazi, kwa maana katika karne ya 19 mfalme Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga dola yake Bunkeya, katika nchi ambayo leo ni ya mkoa wetu, alikuwa akipeleka pembe za ndovu na shaba pwani na kupokea bunduki, baruti na nguo. Na mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliokuja Bunkeya kumwondoa Msiri na uliomwua mwezi wa Desemba, ulianza safari yake Unguja, na wapagazi wake wengi waliajiriwa kisiwani humo, wakati mnara ule wa taa wa Unguja ulipokuwa ungali umesimama.

Seyyid Barghash bin Said alishika ufalme wa Unguja mwezi wa Oktoba 1870, baada ya kufa kwa nduguye Majid, naye alikuwa amekwisha kuonja uhamisho wa Bombay, alikopelekwa baada ya uasi wake wa mwaka 1859 kushindwa, akaona huko namna mji wa bandari unavyoweza kupangwa kwa maji, barabara na taa. Dunia ilikuwa ikigeuka upesi: Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo vingi bandarini, zikiwamo merikebu za Sultani, mwaka huohuo meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika, na mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ukaifikia Unguja. Bandari iliyokuwa ikitegemea majahazi ya pepo za kaskazi na kusi, ambayo manahodha wake walijua kila fungu na kila rasi kwa kuirithi elimu hiyo kwa baba zao, ikaanza kupokea meli za moshi zilizofika saa yoyote ya usiku, zikiongozwa na wageni.

Barghash akaleta maji ya bomba mjini, akanunua meli zake mwenyewe za biashara, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba la nguzo za chuma na baraza pana lililoshinda majengo yote ya Afrika ya Mashariki kwa urefu, na mbele yake, ufukoni, pakasimama mnara wenye saa na taa, wa madaraja yaliyopandana, ambao ulipowashwa usiku ulionekana mbali baharini, hata mabaharia wa Kizungu wakaufananisha na mti wa Krismasi. Huu ulikuwa mnara wa fahari kama ulivyokuwa mnara wa uongozi, maana haukujengwa juu ya mwamba wa hatari, bali mlangoni pa mfalme, ili kila aingiaye bandarini ajue ni nani mwenye nyumba.

Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria aliyepata kuisimamia makumbusho ya Beit al-Ajaib, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu kuwa utajiri wa Unguja ulikuwa utajiri wa mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa na wa biashara iliyofika mbali sana bara, na kwamba forodha ya Unguja ndiyo iliyokuwa mkono wa kuukusanya. Nami nikiifuata hoja hiyo naiona wazi kabisa: pembe iliyopitishwa katika miji ya biashara ya bara, Bunkeya, Nyangwe au Kasongo, ikabebwa miezi mingi mpaka Bagamoyo na kuvushwa kwa jahazi, ilitozwa ushuru pale forodhani, na ushuru huo ndio ulioingia katika hazina iliyojenga majumba na minara. Haifai basi kusema kuwa taa ile ilikuwa ya Waarabu peke yao, au ya watu wa pwani peke yao. Kuna damu, machozi na migongo ya watu wa bara katika chokaa yake, na hao watu wana haki ya kutajwa.

Habari ya kuangamia kwa mnara ule nayo inataka kusimuliwa kwa taratibu, kwa kuwa ndani yake mna mwana aliyepigania nyumba ya baba yake. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa ghafula, na katika saa chache tu Khalid bin Barghash, mwana wa yule aliyejenga mnara, aliingia katika jumba la kifalme pamoja na wafuasi wake, akajitangaza kuwa Sultani. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Unguja chini ya himaya yao na kujipa haki ya kumkubali au kumkataa mrithi, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Tena Khalid alikuwa amekwisha kujaribu vivyo hivyo mwaka 1893 na kuondolewa. Safari hii alikataa kuondoka. Watu wenye silaha waliokusanyika kwake walikadiriwa kufika 2,800, nao wakaielekeza mizinga yao, mingine ya zamani sana, baharini, zilikotia nanga manowari tano za Kiingereza: St George ya Amiri Harry Rawson, na Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon.

Amri ya mwisho ya Waingereza ilikuwa bendera nyekundu ya Khalid iteremshwe kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Siku iliyotangulia, vyombo vya biashara viliamriwa kuondoka bandarini, na wanawake na watoto wa Kizungu wakahamishiwa melini. Asubuhi yenyewe Khalid alileta mjumbe, akajibu kuwa hana nia ya kuteremsha bendera na haamini kuwa Waingereza watafyatua mizinga yao. Na kama mtu yeyote aaminiye heshima ya mji wake angefanya lingine, sijui. Saa tatu na dakika mbili moto ulianza. Meli ya Sultani, Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza ijengwe Uingereza ili iwe fahari ya bahari yake, ilithubutu kuifyatulia St George, ikazamishwa hapohapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Vita hivyo, vinavyohesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika tarehe za ulimwengu, viliisha kwa dakika 38 kwa hesabu ya wengi, na katika dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza baharia mmoja tu alijeruhiwa. Jumba la Beit al-Hukm liliteketea, mnara wa taa ukaharibiwa hata hakuna aliyeujenga tena mahali pake, na Beit al-Ajaib ikabaki imesimama kati ya magofu.

Khalid aliponyoka akakimbilia ubalozi mdogo wa Kijerumani, na hapo mzozo ukaendelea kwa muda zaidi ya mwezi, kwa kuwa Waingereza walimtaka na Wajerumani hawakumtoa. Hata tarehe 2 Oktoba maji ya bamvua yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilifika mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, naye akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Alikaa huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika vita kuu, wakamhamishia visiwa vya mbali, Seychelles na St Helena, akarudi baadaye Mombasa na kufa huko mwaka 1927. Kazi ya kuitengeneza Beit al-Ajaib ilifanyika mwaka 1897, na mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe, lakini taa haikurejea.

Tangu hapo nuru ikahama kutoka mlangoni mwa mfalme kwenda miambani. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa mawe katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, mahali meli zitokazo Dar es Salaam zinapokaribia, na mnara huo ungali ukiwaka. Mgeni aendaye kwa mashua na kupanda ngazi zake zaidi ya 130 huona matumbawe chini yake na mji wa mawe kwa mbali, na tangu mwaka 1994 kisiwa chote na miamba yake vimewekwa chini ya hifadhi. Kaskazini ya Pemba, baada ya msitu wa Ngezi na ufuko wa Vumawimbi, upo mnara wa Ras Kigomasha, uliofanywa kwa chuma mwanzoni mwa karne ya 20. Hizi ndizo ziara ninazomnasihi kila kijana wa Kolwezi apataye nafasi ya kufika pwani azifanye kabla ya kwenda sokoni kununua vitambaa.

Nao Wajapani, walioingia katika mambo haya karibu wakati mmoja nasi, wametuzidi kwa heshima ya nuru zao. Mkataba wa mwaka 1866 na mataifa ya Magharibi uliwalazimu kujenga minara kwa manufaa ya meli za wageni. Mnara wa Kannonzaki uliwashwa mwaka 1869, na ule wa matofali wa Inubosaki, uliojengwa chini ya uongozi wa mhandisi Mskoti Richard Henry Brunton, mwaka 1874. Na leo watu husafiri kutoka mji hadi mji ili kuizuru, na serikali yao imeuhesabu mnara wa Inubosaki kuwa hazina ya utamaduni. Haidhuru kwamba aliyeamuru ni mgeni. Kilichojengwa katika nchi yako, kwa mali na mikono ya watu wako, ni chako, nawe ndiwe utakayeulizwa juu yake.

Kwetu hapa ulezi wa kumbukumbu umelegea. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na bado Beit al-Ajaib ilifungwa baada ya sehemu yake kuanguka mwaka 2012, ikangojea matengenezo mpaka ikaanguka tena kwa msiba. Na sisi Kolwezi, mji uliowekwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, tunachimba hata chini ya mitaa yetu wenyewe, wala hatuna pahala pa kumwonyesha mtoto jinsi shaba ya Lualaba ilivyofika baharini kwa karne mbili. Reli ya Lobito inafufuliwa na kila mtu anaizungumzia bei, na hakuna anayeuliza nani aliibeba shaba kabla ya reli.

Kwa hiyo natoa shauri hili kwa wanaosimamia ujenzi mpya wa Beit al-Ajaib, na kwa serikali ya mkoa wetu pia: jumba lile likifunguliwa tena, chumba kimoja kiwe cha misafara ya bara, na ndani yake yatajwe kwa maandishi ya wazi majina ya vituo vyake, Bunkeya, Nyangwe, Kasongo na Ujiji, pamoja na wapagazi na watumwa ambao migongo yao ndiyo iliyolipa gharama ya taa, na Lualaba ipeleke huko misalaba ya shaba ambayo zamani ilikuwa fedha ya nchi hii, ikae mbele ya macho ya wageni. Si jambo la gharama kubwa kwa mkoa unaopeleka pwani mali nyingi kama hii kila juma, na tukilifanya tutakuwa tumedai sehemu yetu katika tarehe ya pwani kwa njia ya heshima, badala ya kungoja wengine watuandikie.