Kiwi ya Viatu na Kiwi cha Macho: Ung'arishaji wa Buti za Kijeshi katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

Makala haya yanajadili neno moja linalohusiana kwa karibu na gwaride: kiwi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, anayeng'arisha viatu kando ya barabara husema anapiga kiwi, hata kama kopo lake lina jina jingine. Kiswahili pia kina kiwi cha zamani zaidi, yaani hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. Kwa kuwa buti la askari huweza kung'aa hata likatia macho kiwi, ni rahisi kudhani kwamba jina la rangi ya viatu limetokana na mng'aro huo. Historia inakanusha dhana hiyo.

Kiwi ya viatu ni jina la biashara. William Ramsay alianza kuiuza Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaipa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya asili ya mkewe. Jina la ndege huyo ni la Kimaori. Vita Kuu ya Kwanza viliieneza bidhaa hiyo miongoni mwa wanajeshi wa Dola ya Uingereza. Sarufi nayo ni shahidi: husemwa kiwi cha macho, lakini kiwi ya viatu. La kwanza limo katika ngeli ya KI-VI; la pili limepokewa katika I-ZI, kama mikopo mingi ya kigeni.

Swali zito zaidi ni nani aliyeufanya mng'aro huo. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari wake wengi wa Kiafrika walitembea na kupigana pekupeku. Buti zilizong'ara kambini zilikuwa za maofisa Wazungu, na waliozisugua mara nyingi walikuwa watumishi Waafrika. Askari waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili walivaa buti. Wapo basi Waafrika walioijua kazi hii kabla ya kuvaa kiatu chenyewe: kupaka nta kidogo kidogo kwa kitambaa chenye unyevu, tabaka juu ya tabaka, hadi vinyweleo vya ngozi vizibwe na uso wake urudishe mwanga kama kioo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba watunga kamusi wayaingize maneno haya kama vidahizo viwili, kila kimoja na asili yake. Aidha, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ihimize ukusanyaji wa msamiati wa kambini kutoka kwa askari wastaafu na waliowatumikia maofisa. Nchini Uganda, ambako Kiswahili kimehusishwa kwa muda mrefu na jeshi, msamiati huo umedharauliwa pamoja na kumbukumbu za waliobeba kazi yake. Tukiridhika na mfanano wa sauti, tutakuwa tumetiwa kiwi na mng'aro, tusiione mikono iliyouleta.