Maarifa Yaliyosubiri Mkataba: Ajaili katika Mifumo ya Uongozi wa Kijeshi ya Marekani, 1985–2017

Kuingia kwa ajaili, yaani uundaji wa programu kwa hatua fupi zinazosahihishwa na watumiaji, katika mifumo ya uongozi na udhibiti wa kijeshi nchini Marekani mara nyingi huelezwa kuwa ni somo ambalo jeshi lilifundishwa na kampuni za kibiashara. Insha hii inapinga maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba maarifa yalikuwapo mapema. Kilichokosekana ni utaratibu wa ununuzi ulioruhusu yatumike.

Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ilitoa kiwango cha DOD-STD-2167. Kwa kawaida, wakandarasi waliokifuata waliorodhesha mahitaji yote kwanza, wakasanifu, wakaandika programu, kisha wakaijaribu, huku kila hatua ikithibitishwa kwa nyaraka. Miaka miwili baadaye, jopo la Bodi ya Sayansi ya Ulinzi lililoongozwa na Frederick Brooks lilishauri kwamba programu zikuzwe kidogo kidogo, zikipimwa na watumiaji halisi. Ushauri huo uliitangulia Ilani ya Ajaili ya 2001 kwa miaka 14. Mwaka 1994 kiwango cha MIL-STD-498 kililegeza masharti ya awali, lakini mazoea ya kununua mfumo mzima kwa mkataba mmoja hayakutoweka.

Athari za mazoea hayo zilidhihirika katika mradi wa AOC 10.2, uliokusudiwa kuboresha mifumo ya vituo vya kuongozea operesheni za anga. Makadirio ya gharama yalipanda kutoka takriban dola milioni 374 hadi milioni 745, na kazi ikachelewa kwa miaka kadhaa. Jeshi la Anga liliufuta mradi huo Julai 2017.

Wakati huohuo, katika kituo cha Al Udeid nchini Qatar, maofisa walikuwa wakipanga safari za ndege za kujazia mafuta angani kwa kutumia ubao mweupe. Badiliko moja la ratiba liliwalazimu kupanga upya sehemu kubwa ya kazi ya siku. Wajumbe wa Bodi ya Ubunifu wa Ulinzi, chini ya Eric Schmidt, waliuona ubao huo mwaka 2016. Timu ndogo iliyoshirikiana na wapangaji wenyewe ilitengeneza programu mbadala katika muda wa miezi michache, na safari zisizo za lazima zikapungua. Kutokana na juhudi hizo kikaundwa kikosi cha Kessel Run, chenye makao Boston.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mipaka. Programu ya ubao ilitatua kazi moja, AOC 10.2 ilikusudiwa kuunganisha mifumo mingi yenye masharti mazito ya usalama. Mafanikio ya kazi ndogo hayathibitishi kwamba mfumo mzima ungejengwa kwa wepesi uleule.

Kinachothibitika ni jambo finyu zaidi, lakini zito. Kwa muda wa miaka 30 tangu jopo la Brooks, ushauri ulikuwa mezani, na mpangaji wa vita aliendelea kutengwa na mtengenezaji wa programu. Mkataba ulioyafunga mahitaji mapema ulimhakikishia mkaguzi nyaraka kamili, lakini haukumhakikishia ofisa wa Al Udeid chombo cha kazi.