Damu Haisubiri Tume

Maji ya mto yanayoanguka Nabuyole, mwendo mfupi kutoka Matulo, yametoka Cherangani na Mlima Elgon. Yamezunguka mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, na bado yana safari ya kupita Mumias na Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mtu wa Matulo anaweza kuzeeka bila kukanyaga sitaha ya meli, lakini omena anayonunua sokoni Webuye ilivushwa kwa boti kutoka visiwani, na mama aliyemuuzia huenda ana dada au mkwe anayevuka kila juma. Boti ikipinduka kule, msiba hupanda barabara hadi huku. Ndiyo sababu historia ya kuripoti ajali za vyombo vya majini na ya kuwapima mabaharia si habari ya watu wa Mombasa peke yao.

Zamani bara na ziwa viliunganishwa kwa chuma. Reli ilifika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901, na kuanzia hapo mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli za mvuke. SS William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kubebwa na wapagazi kutoka pwani, ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1900. SS Winifred na SS Sybil zikafuata. Kisha njia mpya ya reli ikatoka Nakuru, ikapita Eldoret, Broderick Falls (Webuye ya leo) na Bungoma, ikafika Kampala mwaka 1931. Tawi la Kitale lilikuwa limefunguliwa miaka 5 kabla. Mzigo wa Uganda sasa ungeweza kufika Mombasa bila kugusa maji. Meli zilibaki, na abiria wakabaki nazo, ila macho ya wakubwa yalikuwa yamehamia kwenye reli.

Pamoja na meli hizo zilikuja sheria za Kiingereza. Sheria ya Meli za Biashara ya Uingereza ya mwaka 1894 ilimtaka mwenye meli ya mvuke au nahodha wake, pakitokea ajali iliyoua mtu au kuharibu chombo, aandike barua ya taarifa ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Barua hiyo ilipaswa kusainiwa, ieleze ajali ilivyotokea na chombo kilikuwa wapi. Sheria hiyohiyo ililifanya kosa la jinai tendo la nahodha au baharia kuhatarisha chombo au maisha ya watu kwa sababu ya ulevi. Kwa hiyo mambo mawili tunayoyajadili leo, taarifa ya haraka na akili timamu ya mwenye usukani, yaliandikwa kabla reli haijafika Kisumu. Kenya huru ilitunga sheria yake ya meli za biashara mwaka 1967, ikaunda Mamlaka ya Bahari mwaka 2004, kisha ikaifuta sheria ile ya zamani kwa Sheria ya Meli za Biashara ya 2009.

Karatasi zilikuwapo, lakini maji yalitufunza kwa njia nyingine.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka pale Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, ikaua watu 272. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Naomba tuitazame hii kwa makini, maana ndani yake kuna kiini cha jambo lote. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mchuuzi wa ndizi, mwanafunzi anayerudi shule, mama mwenye mtoto mgongoni, wote hao walipanda bila jina lao kuandikwa popote. Idadi ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 894. Kwa lugha ya wanasheria ule ulikuwa upungufu wa kumbukumbu. Mimi nauita dhuluma ya pili: maskini alikufa, kisha akakosa hata kuhesabiwa.

Serikali ya Tanzania iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga. Tume ilifanya kazi yake, lakini tume yoyote huja baada ya mazishi. Vitu viwili huwa vimekwisha kupotea: orodha ya kweli ya waliopanda, na hali ya kweli ya waliokuwa wakiendesha.

Hadithi ikajirudia Zanzibar. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Tume ilipomaliza hesabu yake, waliokufa na waliopotea walifika 1,573. Kati ya 203 na 1,573 kuna watu ambao ndugu zao walilazimika kuithibitishia serikali kwamba jamaa zao waliwahi kuwamo melini.

Suala la kumpima baharia lina historia yake, na sehemu kubwa yake ilitokea Marekani. Tarehe 4 Januari 1987 treni ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafa, na ikabainika kwamba waendeshaji wa treni moja walikuwa wamevuta bangi. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliweka kanuni za kupima dawa za kulevya katika sekta zote za usafiri, mabaharia wa meli za biashara wakiwamo. Wino haujakauka, tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ikapanda mwamba huko Alaska na kumwaga mafuta baharini. Nahodha alikuwa amekunywa pombe bandarini kabla ya kuondoka. Damu yake ilichukuliwa baada ya saa 10 hivi kupita. Mahakamani mawakili walibishana juu ya kipimo kile, na baraza la raia waliosikiliza kesi likamwachilia kwa shtaka la ulevi, likamtia hatiani kwa uzembe wa kumwaga mafuta tu.

Yeyote aliyewahi kuona mtu akilewa busaa jioni na kuamka mzima asubuhi anaelewa tatizo hapo. Mwili hufuta ushahidi wake wenyewe. Kwa hiyo kanuni za Marekani zikakazwa: baada ya ajali kubwa, pombe ipimwe ndani ya saa 2, na sampuli ya kupima dawa za kulevya ichukuliwe ndani ya saa 32. Mwenye chombo ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha vipimo vinafanyika, naye hutakiwa kutoa taarifa ya ajali mara tu mambo ya usalama yanapotulia. Taarifa na kipimo zimefungwa kamba moja, kwa kuwa taarifa ikichelewa kipimo hakina maana.

Dunia nzima ilifuata kwa kiasi fulani. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia ulirekebishwa Manila mwaka 2010, ukaweka kikomo cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, au miligramu 0.25 kwa lita moja ya pumzi. Lakini mkataba huo unahusu meli za baharini. Nahodha wa boti inayotoka Port Victoria kwenda kisiwani hayumo ndani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu kuziba pengo la ziwa kwa Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya 2007, jambo jema, ingawa kati ya sheria iliyosainiwa na mtu mwenye kifaa cha kupimia ufukweni saa 12 asubuhi kuna umbali mrefu.

Sisi wa huku bara kipimo cha pumzi tunakifahamu. Kuanzia mwaka 2013 madereva wa barabara ya Eldoret kwenda Malaba waliijua Alcoblow usiku usiku, hadi Mahakama ya Rufani ilipozibatilisha kanuni zake mwaka 2017. Barabarani tulibishana, tukashtakiana, tukafika mahakamani. Ziwani hata ubishi huo haujaanza.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kwamba ajali zetu kubwa zililetwa na ulevi. Mtongwe, Bukoba na Spice Islander ziliuawa na uzito: watu na shehena kuliko uwezo wa chombo. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, ilikuwa na uwezo wa kubeba 101. Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha mwenyewe hakuwamo, na usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Miezi miwili baadaye, upande wa Uganda, boti ya starehe MV Templar ilizama na kuua zaidi ya watu 30, nayo haikuwa na leseni. Ukimpima mshika usukani na kumwacha mwenye meli aliyeuza tiketi za ziada, utakuwa umemwadhibu mdogo na kumlinda mkubwa. Kipimo kina haki pale tu kinapoambatana na orodha ya abiria, cheti cha ukaguzi wa chombo na hesabu ya mzigo, vyote vikikamatwa saa ileile ya ajali. Naamini pia kwamba baharia msafi ndiye anayefaidi kipimo kuliko wote, maana bila hicho ndiye wa kwanza kusingiziwa.

Kazi ya Kenya sasa si kutunga sheria nyingine. Mamlaka ya Bahari ipo, na tangu 2018 kuna Walinzi wa Pwani, ambao kazi yao inafika hadi ziwani. Kinachotakiwa ni vifaa vya kupimia na watu waliofunzwa katika kila ufuo unaopakia abiria, pamoja na nambari moja ya simu ambayo kila mvuvi anaijua.

Nawe msomaji wa Matulo, Kitale au Bungoma, siku utakapoteremka ziwani kufuata omena au kuzika jamaa, usipande boti kabla jina lako halijaandikwa kwenye daftari linalobaki nchi kavu.