Taa ya Nje na Maswali Yake Matatu

Historia ya mwanadamu aghalabu huandikwa kwa majina ya wafalme na tarehe za vita. Mimi niliyetumia umri wangu mwingi katika chuo cha ualimu naamini kwamba historia ya kijiji yaweza kuandikwa pia kwa taa zake. Hapa Msangeni, katika milima ya Upare ya Kaskazini, ukungu hushuka jioni na upepo haupigi hodi. Taa ya ndani yaweza kuwa taa yoyote. Taa ya nje sharti iwe imejiandaa.

Katika utoto wangu, miaka ya 1950, ndani tuliwasha koroboi: kopo, utambi, mafuta ya taa na moshi mwingi. Ukivuka nayo kizingiti, upepo mmoja tu, nawe umebaki na kopo gizani. Kazi ya nje ilikuwa ya chemli. Wengi waliidhania kuwa koroboi iliyovikwa kioo, kumbe ina elimu ndani yake. Taa ya namna hiyo ilibuniwa na Mmarekani John Irwin katika miaka ya 1860 na 1870. Mabomba yake mawili ya pembeni hupeleka hewa kwenye mwali kwa utaratibu, na kioo huukinga, hata upepo ukivuma taa haizimiki. Kwa chemli mtu alikwenda zizini, akamsindikiza mgeni, akamwita mkunga usiku wa manane.

Kisha palikuwa na karabai, ya dukani, ya harusini na ya matangani. Ilitiwa upepo kwa pampu, na mvuke wa mafuta ukawaka ndani ya kifuko cheupe cha kitambaa, uvumbuzi wa Carl Auer wa Austria wa mwaka 1885. Mwanga wake ulikuwa mkali mno. Lakini ilikunywa mafuta kwa pupa, ikavuma kama nyuki, na kila mdudu wa bonde zima alihudhuria. Ilikuwa taa ya hadhara, wala haikuwa ya kila jioni.

Kwa hiyo wazee wetu, ambao hawakusoma fizikia, waliiuliza kila taa ya nje maswali matatu: Yala nini? Yastahimili nini? Yammulikia nani?

Swali la kwanza lilituuma kweli bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Huko chini tambarare, kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu chenye megawati 8 kilikuwa kimeanza kazi tangu mwaka 1968, ila nyaya hazikupanda milima upesi. Wilaya ya Pare ilipogawanywa mwaka 1979, tukawa katika Wilaya ya Mwanga. Ni jina zuri, ingawa jina peke yake haliwashi taa.

Mapinduzi yalitoka mbali. Katika miaka ya 1990 Wajapani walifanikiwa kupata taa ya LED yenye mwanga mkali wa buluu. Ukiipaka unga wa manjano unaoitikia mwanga huo, jicho huona weupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Leo kibao kidogo cha umeme wa jua na betri vimeistaafisha koroboi katika nyumba nyingi.

Lakini je, maswali yamestaafu? Mpwa wangu ameunda trela dogo la kuvutwa na gari, lenye kitanda na jiko, ili awakodishie wageni wanaolala karibu na Hifadhi ya Mkomazi, upande wa Same. Akiba yake yote imo humo. Alitaka kuweka nje taa moja ya wati 50. "Mjomba," aliniambia, "mgeni akiona mwanga mkubwa ataona nimejitahidi." Nikamwomba kalamu, tukapiga hesabu.

Yala nini? Betri ya volti 12 na ampea 50 kwa saa ina wati 600 za saa moja. Betri ya risasi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, basi zimebaki 300. Taa ya wati 50 itazimaliza kwa saa sita. Taa mbili za wati tatu kila moja zitawaka saa 50, yaani jioni kumi za saa tano. Yastahimili nini? Barabara ina vumbi, na masika yana mvua. Atafute taa yenye alama ya IP65: 6 ni kwamba vumbi haliingii, na 5 ni kwamba hata maji yanayorushwa kwa nguvu hayaidhuru. Yammulikia nani? Mwanga mweupe wenye ubuluu huwaita wadudu zaidi, kama karabai. Achague wenye umanjano, wa kelvini 3000 au chini ya hapo, na taa zitazame chini, moja mlangoni, moja juu ya jiko.

Alizinunua hizo ndogo, na fedha iliyobaki akaongezea kwenye matairi.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi nyumba nyingi za milimani zimefunga taa za kupofusha, zinazomulika njia ya jirani kuliko ua wa mwenyewe. Mzee wa umri wangu akipigwa na mwanga ule machoni, macho yake huchelewa kulizoea giza tena, na mbele yake kuna ngazi za mawe na mteremko. Aliyetuachia chemli hakuwa na mwanga mwingi, lakini alijua pa kuuelekeza: miguuni.